Usiichome Hiyo Nguo!

Mpenzi msomaji, hebu tuambizane ukweli. Kabatini mwako mna nguo ngapi ambazo hujazigusa tangu mwaka jana? Ile jinzi ya enzi za chuo, leo hata goti halipiti. Tisheti ya kampeni ya mgombea aliyeshindwa. Sweta la mtumba lililotoboka kiwiko. Na lile shati, ndiyo, lile lile, la yule mtu ambaye mwenzako wa sasa hataki hata kusikia jina lake. Zote zimo humo zimebanana, mlango wa kabati haufungi, na kila Jumamosi mkisema mpange chumba mnaishia kununiana.

Swali la pili ndilo gumu: kwa nini hujazitoa?

Nimewauliza watu wengi swali hili, wa ofisini, wa kanisani na wa kwenye vikao vya harusi. Majibu yanakuja matatu. La kwanza ni kumbukumbu. La pili ni aibu: utampaje mtu nguo iliyochanika? La tatu halisemwi kwa sauti. Mtu anaangalia kushoto na kulia kwanza, halafu ananong'ona: nguo iliyoshika jasho lako usiitupe ovyo, mbaya wako akiiokota utajuta. Basi mtu anasubiri giza liingie, anakwenda nyuma ya nyumba na kiberiti, anachoma.

Na usidhani hayo ni ya kijijini tu. Nimeyasikia Sinza, nimeyasikia Mikocheni, kutoka kwa watu wenye digrii mbili.

Ndiyo maana makala hii nimeamua kuiandikia Sumbawanga. Mji huu umebeba masihara ya nchi nzima kuhusu uchawi, ukitaja tu kwamba unakwenda huko wenzako wanaanza kucheka. Lakini wenyeji wenyewe watakueleza kwamba jina la mji wao kwa Kifipa maana yake ni "tupa uchawi". Yaani ukifika hapa, uache huko ulikotoka. Kwa mtu anayetaka kuzungumzia nguo tunazoogopa kuzitupa, hakuna mahali pazuri zaidi.

Mji wa makoti

Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa aliyezoea joto la Dar, Juni na Julai hapa ni kasheshe. Asubuhi upepo unatoka milima ya Mbizi kama umetumwa, na mtu anayekwenda kazini anavaa fulana, shati, sweta na koti juu yake.

Kwa hiyo mitumba ya huku ina sura yake. Dar mtu anagombea blauzi nyepesi na kaptula, Sumbawanga mtu anachagua makoti ya sufu, majaketi na masweta mazito. Zamani kufika huku ilikuwa safari ya vumbi na kukwama. Barabara ya lami kutoka Tunduma imejengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika la MCC, katika mpango wa mwaka 2008 hadi 2013, na sasa belo linafika bila kulala njiani. Nguo zinapanda mlima kwa urahisi. Tatizo ni kwamba hazishuki. Zikichakaa zinabaki hapa hapa, jalalani, mtaroni au kwenye moto wa nyuma ya nyumba.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikaja juu, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda peke yake ndiyo iliyokaza na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Kwa hiyo tusidanganyane, mitumba ipo. Tunachoweza kuamua ni nini kifanyike nguo ikishafika mwisho.

Na hapo Wafipa wana somo la kale. Shambani wana kilimo chao cha matuta ya duara kiitwacho intumba. Mvua zikielekea kuisha, mkulima anakata nyasi na kuzifukia ndani ya tuta, zioze zirutubishe udongo kwa ajili ya msimu ujao. Nyasi ambazo mwingine angezichoma, Mfipa anazifanya mbolea. Sokoni mitumba, shambani intumba. Majina yanakaribiana kwa bahati tu, lakini wazo moja lingeweza kulitumikia jingine.

Kitu kingine ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba Ufipa ilikuwa nchi ya wafumaji. Pamba ililimwa, hasa upande wa bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ikasokotwa na kufumwa kwa mitambo ya miti iliyolazwa karibu na ardhi. David Livingstone alipopita huku mwaka 1872 aliwakuta watu wakifuma. Baadaye vitambaa vya viwandani vilivyoingia kupitia pwani, ikiwemo ile merikani maarufu, viliwashinda kwa bei. Fikiria mikono ya mtu iliyosokota kila uzi wa shuka lake. Huyo usingemwambia atupe kitambaa kwa sababu kimetoboka mahali pamoja.

Sanduku la baba mkwe

Mume wangu ni wa huku, na jambo hili lilinifika mlangoni mwaka juzi, tulipompoteza baba mkwe wangu. Msiba ulipokwisha, ndugu walikaa kugawa nguo za marehemu kama desturi ilivyo. Mashati na suruali nzuri zilipata wenyewe. Likabaki sanduku la bati lenye makoti mazito, yameliwa na wadudu, mojawapo likiwa lile la sufu alilolivaa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyelitaka na hakuna aliyethubutu kulitoa nje.

Shemeji yangu mkubwa alitaka yachomwe usiku ule ule. Wifi akalia, akasema yahifadhiwe. Mume wangu alinyamaza, na nikajua akinyamaza hivyo tutalibeba mpaka Dar. Sauti zikaanza kupanda. Maneno ya zamani yakaanza kutolewa, nani alimuuguza mzee, nani alikuwa mbali.

Mama mkwe alikuwa kimya kwenye kigoda chake. Mwishowe akasema, "Wanangu, nikiyachoma naona nimemchoma mwenyewe. Nikiyatupa, mnajua watu watakavyosema." Kisha akaniambia nimpe mkasi.

Akaanza na kola. Akaikata, akaiweka pembeni. Akafuata mifuko, halafu vifungo, akavihesabu na kuvitia kwenye kopo. "Koti lisilo na kola wala mfuko, si la mtu tena," akasema. Alichosema hakikuwa na uhusiano na mazingira wala urejelezaji. Alikuwa anamwachia mumewe aende. Wifi akachukua mkasi wa pili, shemeji naye hatimaye akakaa chini. Mpaka jioni palikuwa na lundo la vipande ambavyo huwezi kusema kipi kilikuwa mkono na kipi mgongo.

Fundi cherehani wa jirani alivipanga tabaka tatu, akavifunika kwa kitambaa kigumu juu na chini, akavishona mistari ya kukatizana. Ukatoka mfarishi mzito ajabu. Vipande vidogo vikajaza matakia mawili. Julai mama analala chini ya mfarishi ule na hakuna mtu aliyewahi kuuogopa.

Nilichojifunza pale ni hiki: kinachotuzuia kuzitumia nguo kuukuu si ukosefu wa mashine. Ni yule mtu aliyekaa ndani ya nguo. Ukiikata na kuichambua, mtu anaondoka, nyuzi zinabaki. Na nyuzi, mpenzi msomaji, ni mali.

Ndoa ya nyuzi na gundi

Wataalamu wana neno lao, kompositi. Lisikutishe. Ni vitu viwili vilivyounganishwa, kila kimoja kikibaki na tabia yake, na pamoja vikafanya kazi ambayo hakuna angeiweza peke yake. Unakiona kila siku huku Ufipa. Udongo wa kukandika ukuta, ukiwa peke yake, ukikauka unapasuka. Majani makavu peke yake yanapinda. Changanya majani yaliyokatwakatwa ndani ya udongo, ukuta unasimama. Udongo unabeba uzito, majani yanazuia nyufa zisitembee.

Fundi jipsamu anayekutengenezea dari anafanya vile vile. Mwangalie vizuri, utamwona anachovya nyuzi za katani kwenye jipsamu laini ili ile kona ya mapambo isikatike. Katani yetu hiyo hiyo, na jamaa zake kama kitani, tangu miaka ya 1990 zimekuwa zikiingia ndani ya paneli za milango ya magari huko Ujerumani, zikishikwa na plastiki.

Sasa, kompositi ikiharibika, mara nyingi haianzii kwenye uzi wala kwenye gundi. Inaanzia pale vinapokutana. Pamba inapenda maji. Ikiwa na unyevu, inavimba, halafu ikikauka inasinyaa na kuachia. Ikiwa na mafuta au jasho, gundi haishiki kabisa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kufua na kukausha kabla ya kuunganisha. Wanandoa mnaosoma, mmenielewa.

Gari la pamba, tofali la fulana

Kama unadhani haya ni mambo ya kujaribu jaribu, sikiliza hii. Kati ya mwaka 1957 na 1991 kiwanda cha mji wa Zwickau, Ujerumani Mashariki, kilitoa magari zaidi ya milioni 3 aina ya Trabant. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mabaki ya nyuzi za pamba kutoka Urusi ya zamani, yaliyoshindiliwa kwa joto na gundi ya fenoli. Ndiyo nchi ile ile iliyosaidia kujenga majumba ya Michenzani kule Zanzibar. Bodi ya pamba haikushika kutu hata siku moja.

Lakini lilikuja kuwa na kasheshe yake. Gundi ile ikishaganda haiyeyuki tena, na ukiichoma inatoa moshi wa sumu. Ujerumani ilipoungana mwaka 1990 na watu wakayatelekeza magari hayo, likazuka swali la mahali pa kuyapeleka. Kwa hiyo kompositi nayo ina uzee wake. Kabla hujaunganisha, jiulize mtaachanaje.

Karibu zaidi na leo, huko Paris mbunifu wa majengo Clarisse Merlet alianzisha FabBRICK, matofali ya nguo zilizosagwa, yanayoshikwa na gundi isiyo na sumu na kukandamizwa kwenye kalibu. Tofali moja linakula fulana mbili tatu. Hayabebi ghorofa, yanajenga kuta za ndani za kugawa vyumba, na kupunguza mwangwi. Ufaransa hiyo hiyo, shirika la Le Relais limetengeneza magodoro ya kuzuia baridi ukutani na darini, yaitwayo Métisse, kwa nguo kuukuu, hasa za pamba. Kule Panipat, India, masweta ya sufu kutoka Ulaya na Marekani yamekuwa yakichambuliwa kuwa nyuzi na kufumwa upya mablanketi, na mengi ya mablanketi hayo yameishia kwenye misaada ya dharura. Na hapa jirani, Nairobi, Africa Collect Textiles wamekuwa wakikusanya nguo chakavu na kuzigeuza mazulia na mabegi.

Kwa nini wote hao hawatengenezi tu nguo mpya? Kwa sababu nguo zetu ni mseto. Shati lenye pamba na poliesta ni kama chai iliyokwishatiwa maziwa, nani atayatoa? Taasisi ya Ellen MacArthur ilieleza mwaka 2017 kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi za nguo duniani ndiyo inayorudi kuwa nguo. Tofali, dari na godoro vinavumilia mseto zaidi. Hapo ndipo penye nafasi.

Na fikiria baridi ya Sumbawanga. Nyumba nyingi za vijana wanaoanza maisha zina bati juu na hakuna kitu chini yake. Usiku joto lote linapaa. Mji unaochoma masweta nyuma ya nyumba huku watu wakitetemeka ndani, hapo kuna biashara inayosubiri mtu.

Ijue nguo yako

Kabla ya lolote, jua umeshika nini. Chomoa nyuzi tatu nne tu, zishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, maji yawe karibu, kisha washa kiberiti.

*Pamba* inawaka haraka, inanukia karatasi iliyoungua, majivu yake ni laini.

*Sufu* inawaka kwa shida, inanuka kama nywele zilizoungua, majivu yanasagika.

*Poliesta* inajikunja, inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Hiyo ni plastiki, ndugu yake na chupa ya maji. Sasa unaelewa kwa nini moshi wa zile nguo za nyuma ya nyumba unakukwangua koo. Zaidi ya nusu ya nyuzi zinazozalishwa duniani leo ni hizi.

Na ule mfuko mbadala ulioanza kuutumia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019? Ujaribu pia. Mingi inayoonekana kama kitambaa ni plastiki iliyopuliziwa mpaka ikawa nyuzi.

Anzeni nyumbani, wawili wawili

*Chungu cha taulo.* Taulo kuukuu la pamba, lililofuliwa na kukauka. Koroga saruji na maji mpaka iwe uji mzito. Vaa glavu, saruji inaunguza ngozi. Loweka taulo liive kila upande, kisha litandike juu ya ndoo iliyogeuzwa na kufunikwa kwa nailoni, mikunjo ikishuka yenyewe. Acha siku nzima, litoe, lipake saruji mkono wa pili, ulinyunyizie maji siku kadhaa lisipasuke. Toboa tundu la maji chini. Hiyo tayari ni kompositi. Kumbuka tu kwamba saruji ina ukali ambao taratibu unaila pamba, kwa hiyo ni chungu cha maua, usifanye ngazi.

*Mfarishi wa sufu.* Kama ule wa mama mkwe wangu. Sufu na masweta ndiyo yanayofaa. Kata, panga tabaka, shona mistari ya kukatiza ili vipande visikimbilie pembeni. Hapo uzi ndio gundi.

*Matakia.* Poliesta hainywi maji wala haiozi haraka, inafaa kujazia. Ikate ndogo ndogo. Na ukipita kwa fundi cherehani muombe vipande vya vitenge, wengi wanavitupa.

*Dari, subirini kwanza.* Usichukue matambara ukayasukumia juu ya silingibodi. Yale magodoro ya Ufaransa yametiwa dawa ya kuzuia moto na ukungu. Ya kwako yatakuwa chakula cha moto na kitanda cha panya. Hii ni kazi ya kiwanda, na kama wewe ni mhandisi unayetafuta wazo la biashara, usiseme sikukwambia.

*Lile shati.* Tumefika. Msilichome kwa hasira na msilifiche chini ya godoro. Kaeni wawili, mkasi mmoja, na aliyelileta ndani ya nyumba ndiye akate kola. Mwenzake akate mifuko. Msihojiane tarehe. Vifungo vitieni kwenye kopo, vitakuja kufaa kwenye gauni la mtoto. Vipande viingie kwenye takia la sebuleni, na mgeni akija mkaribisheni alikalie.